Apdeti inapogeuza mkono: mabadiliko ya programu za dizaini yaliyowaliza mafundi, na namna ya kuyarudisha

Kuna kilio nimekisikia mara nyingi kwenye steshenari na ofisi za uchapaji za huku kwetu, kuanzia Mchikichini mpaka Kariakoo ndani. Kilio chenyewe ni hiki: "Programu ni ileile niliyoizoea, leo nimeifungua inafanya kinyume." Nimejaribu kukusanya hapa sehemu moja, kwa Kiswahili, mabadiliko yaliyowaumiza watu zaidi, mwaka yalipotokea, na kama kuna njia ya kurudisha mambo yalivyokuwa. Aliye kazini na mteja kasimama mbele yake aruke hadithi, aende moja kwa moja kwenye programu yake.

Hadithi ni hii. Steshenari moja ya Mchikichini, jina tuliache. Kijana wa pale anadizaini mwaka wa tisa sasa, kadi za mchango, kalenda, fulana za kampeni, yote anafanya. Kompyuta ikawa nzito, akaitwa fundi. Fundi akapiga format, akarudisha kila kitu, ila kwenye programu ya picha akaweka toleo jipya bila kumwambia mtu. Kwake alikuwa anafanya wema.

Siku mbili baadaye akaja mzee mmoja na picha ya mdogo wake aliyefariki. Anataka vijitabu vya ibada, nakala 200, maziko kesho saa nane mchana. Kijana akakaa nayo usiku. Akaiingiza picha, akashika Shift kama alivyoshika siku zote, akavuta kona mpaka picha ikajaa kwenye fremu ya jalada. Akachapa. Asubuhi mzee akashika nakala ya kwanza, akaitazama kimya, halafu akasema, "Mwanangu, huyu mbona si yeye? Mdogo wangu alikuwa mwembamba."

Uso ulikuwa umetanuka. Si sana, kiasi kile ambacho jicho lililochoka saa tano usiku halikioni, lakini ndugu anakiona mara moja. Majalada yote yakatupwa, karatasi ya kung'aa na wino vikaenda, kazi ikarudiwa mbio mbio na mzee amekaa kwenye kiti anasubiri. Kijana aliniapia kwamba Shift aliishika. Nilimwamini, maana tatizo lilikuwa hapohapo kwenye kuishika.

PHOTOSHOP: SHIFT ILIYOGEUKA

Tangu zamani ukitaka kukuza au kupunguza picha kwenye Photoshop bila kuiharibu uwiano, unashika Shift huku unavuta kona. Ukiiachia Shift, picha inavutika ovyo. Oktoba 2018 Adobe ilitoa Photoshop CC 2019, namba yake 20, na ndani yake sheria ikapinduliwa: usiposhika kitu picha inabaki na uwiano wake, ukishika Shift ndiyo inavutika. Yaani tabia njema ya miaka ishirini ikawa kosa kwa usiku mmoja.

Kibaya zaidi mwanzoni haikuwa kwa kila kitu. Picha na maandishi vilifuata sheria mpya, lakini maumbo kama duara na mstatili yalibaki na sheria ya zamani. Unahama kutoka picha kwenda kwenye umbo lililo pembeni yake, na kidole kinatakiwa kifanye kinyume. Toleo la 2020, lililotoka Novemba 2019, ndilo lililoyaweka maumbo nayo kwenye sheria mpya.

Kurudisha: nenda Edit, kisha Preferences, kisha General, weka tiki kwenye "Use Legacy Free Transform". Chaguo hili liliongezwa mwaka 2019 baada ya makelele ya watu. Kabla ya hapo ilibidi uandike faili dogo la maandishi na kuliweka kwenye folda ya mipangilio ya Photoshop, jambo ambalo dizaina wa kawaida halimhusu kabisa.

Kama kompyuta si yako, au mnaitumia watu watatu kwa zamu, usibadilishe kitu. Angalia juu, kwenye mstari wa vipimo, kuna alama ya mnyororo kati ya W na H. Mnyororo ukiwa umewaka, picha inalindwa usipogusa Shift. Jizoeze kuutazama kabla hujavuta.

Nitasema ukweli wangu hapa: sheria mpya ni bora kwa anayeanza leo. Nani anataka picha ivutike ovyo? Anayejifunza mwaka huu haoni tatizo lolote. Mzigo wote umewaangukia wale waliokuwa wameshaiva, na hao ndio wanaopewa kazi za haraka.

PHOTOSHOP: KURUDI NYUMA

Toleo hilohilo la 2018 liligusa Ctrl+Z. Zamani ukiibonyeza mara moja inafuta hatua ya mwisho, ukiibonyeza tena inairudisha. Mafundi waliitumia kulinganisha: bonyeza, bonyeza, unaona uso kabla na baada ya kusafisha chunusi. Kurudi hatua nyingi ilikuwa Ctrl+Alt+Z.

Sasa Ctrl+Z kila ukiibonyeza inarudi hatua moja nyuma zaidi, kama Word. Ukibonyeza mara sita kwa mazoea ya kulinganisha, umeshafuta hatua sita. Na ukigusa brashi hapo ulipo, zile hatua za mbele zimepotea. Kwenda mbele ni Shift+Ctrl+Z. Ile ya kulinganisha imehamia Ctrl+Alt+Z, yaani vitufe vimebadilishana viti.

Kurudisha: Edit, Keyboard Shortcuts, weka tiki kwenye "Use Legacy Undo Shortcuts", halafu funga programu uifungue upya. Usipoifunga haibadiliki, na hapa wengi wamekata tamaa wakidhani haifanyi kazi.

JPEG ILIYOPOTEA

Mei 2021 (Photoshop 22.4) watu waliamka wakakuta kwenye "Save As" hakuna JPEG kwa kazi yenye leya. Ilikuwa imehamishiwa kwenye amri mpya, "Save a Copy". Maelezo ya Adobe yalikuwa kwamba mfumo wa kompyuta za Apple umebadilisha namna programu zinavyohifadhi mafaili. Sisi wa Windows tuliingia kwenye msafara usiotuhusu. Wiki chache baadaye waliweka njia ya kurudi: Preferences, File Handling, tiki kwenye "Enable legacy Save As".

Wanaotumia GIMP, programu ya bure, watacheka, maana wao walipitia haya mwaka 2012. GIMP 2.8 iliamua kwamba "Save" ni kwa faili lake la XCF tu, na ukitaka JPEG au PNG unapita "Export". Kelele zilipigwa kweli kweli kwenye intaneti, na waliotengeneza hawakurudi nyuma. Ukiifungua leo bado ni hivyo. Hoja yao ilikuwa kwamba JPEG inapoteza leya zako, kwa hiyo usiambiwe kazi "imehifadhiwa" wakati nusu yake imekwenda. Hoja ina maana, tena sana, kwa mtu ambaye mteja wake hurudi siku ya pili kusema "badilisha jina la bwana harusi tu".

INKSCAPE NA STIKA ILIYOPUNGUA

Hii ni ya wakata stika na wanaoandika majina kwenye jezi, na naiona hatari kuliko zote kwa sababu macho hayaioni. Inkscape ni programu ya bure ya kuchora kwa mistari, na wengine wanatoa humo michoro ya kupeleka kwenye mashine ya kukata. Mpaka toleo la 0.91 ilihesabu inchi moja kuwa nukta 90. Toleo la 0.92 la Januari 2017 likahamia nukta 96, ili lilingane na kanuni za kurasa za intaneti.

Maana yake mchoro wa zamani uliopimwa kwa nukta, ukifunguliwa kwenye toleo jipya, unaweza kupungua. Fanya hesabu: bango lililokuwa na upana wa sentimita 96 linatoka sentimita 90. Kwenye skrini liko vilevile, rangi zilezile, kila kitu mahali pake. Unalikata, unakwenda kulibandika kwenye kioo cha duka la mtu, kumbe limepungua sentimita sita.

Programu inapofungua faili la zamani inaleta kisanduku kukuuliza ulikusudia nini. Tatizo letu sote tunalijua: kisanduku kikitokea tunabonyeza OK kabla hatujasoma. Hiki kisome. Na kabla ya kukata, pima kitu kimoja ambacho unajua ukubwa wake.

CORELDRAW: FAILI LINALOGOMA

Kwa CorelDRAW malalamiko makubwa ya huku kwetu hayahusu vitufe. Yanahusu faili kutofunguka. Programu hii ilitoka Kanada mwaka 1989 na imetoa matoleo mengi mno, na toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya. Sasa angalia kazi inavyosafiri: mmoja anadizaini nyumbani, anaweka kwenye flashi, anaipeleka kwa mwenye mashine kubwa ya mabango, na yule ana toleo lililoingia na mashine siku aliyoinunua na hana mpango wa kuligusa. Na yuko sahihi. Mashine inafanya kazi, aiguse kwa nini?

Dawa ni ndogo. Unapohifadhi, kwenye kisanduku cha "Save As" kuna sehemu imeandikwa "Version". Chagua namba ya chini kama ya mwenye mashine. Muulize namba kabla hujapanda bodaboda. Vilevile geuza maandishi yote yawe mchoro (chagua, bonyeza Ctrl+Q), ili fonti isikugeuke kule. Ila hifadhi kwanza nakala yenye maandishi yanayoharirika, kwa sababu ukishageuza huwezi tena kurekebisha "Mwajuma" iwe "Mwanajuma".

Wa InDesign wanapita njia inayofanana, wanatoa faili la IDML ndipo toleo la zamani linalifungua.

KWA NINI INAUMA HIVI

Mtu wa nje anaweza kusema hayo ni mambo madogo, soma maelezo uendelee. Lakini tujiulize watu wetu walijifunzaje. Wengi hawakukaa darasani na kitabu. Walisimama nyuma ya kiti cha mwenzao mwezi, miezi miwili, wakaangalia mkono unakwenda wapi. Menyu ni za Kiingereza, na dizaina mzuri sana anaweza asijue neno maana yake nini, anajua ni la nne kutoka juu. Likihamia la sita, amepotea kweli.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kushiriki kutengeneza programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, ile Jambo OpenOffice ya mwaka 2004. Kwenye programu za dizaini tunazotumia mtaani, mimi sijakutana na kitu kama hicho.

Wale wakubwa wanakumbuka Office 2007 ilivyoingia. Menyu zote za juu zilifutwa, zikaja zile riboni, na mafaili ya docx yakawa hayafunguki kwenye Office 2003 mpaka uongeze kifurushi cha ziada. Mwanafunzi analeta ripoti kwenye flashi, steshenari haifunguki, anaambiwa akahifadhi upya kwa "97-2003". Ilichukua miaka mtaa kutulia.

Mchora mabango kwa mkono brashi yake haijawahi kuamka asubuhi ikaandika kulia kwenda kushoto. Ndiyo tofauti.

YALE YASIYORUDI

Kuna mabadiliko ambayo hayana tiki ya kurudisha.

Fonti za Type 1. Ni fonti za zamani, kwenye Windows utazijua kwa mafaili ya .pfb na .pfm, na zimejaa kwenye sidii za fonti za kadi za harusi za miaka ile. Photoshop iliacha kuzitambua mwaka 2021, na Januari 2023 programu nyingine za Adobe nazo zikaacha. Ukifungua kadi ya zamani unaambiwa fonti haipo hata kama umeiweka kwenye kompyuta. PDF iliyokwishatengenezwa nayo inaonekana na kuchapika kama kawaida, kuhariri ndiyo imekwisha. Tafuta fonti ya OpenType au TrueType inayofanana nayo.

Rangi za Pantone. Mwaka 2022 Adobe na Pantone walishindwana kwenye leseni, na vitabu vingi vya rangi hizo vikaondolewa. Kuna waliofungua mafaili yao ya zamani ya Photoshop wakakuta sehemu zilizokuwa na rangi ya Pantone zimekuwa nyeusi. Kwa nembo ya kampuni au ya timu hiyo si kitu kidogo. Kama una nembo za wateja za namna hiyo, zifungue kwenye toleo la zamani ambalo bado lina rangi, andika pembeni namba za CMYK za kila rangi, na zihifadhi upya kwa CMYK.

PageMaker. Iliyoanzisha mambo mengi haya tangu 1985 ilifikia toleo la 7 mwaka 2001, kisha ikaachwa. InDesign iliendelea kufungua mafaili yake mpaka CS6 tu. Kama kuna taasisi ina majarida ya zamani kwenye PageMaker, kompyuta yenye CS6 ni mali, isiuzwe kama chuma chakavu.

Publisher. Hii inatugusa wengi, maana ratiba za ibada na kadi nyingi za mtaani zinatengenezwa humo. Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wa Publisher, na wanaoilipia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili ya .pub. Yatoe yawe PDF yote, hata ya harusi ya 2011.

KUBAKI NYUMA NAKO KUNA BEI

Wengi wameamua: "Mimi nabaki na CS6 yangu." Nawaelewa. CS6 ya mwaka 2012 ndiyo ya mwisho iliyouzwa kwa kulipia mara moja. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba kuanzia hapo mambo ni kulipia kwa mwezi. Na tusidanganyane, kopi nyingi mtaani hazijalipiwa hata shilingi. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA wapo. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, kopi ya namna hiyo huijui imetoka wapi, inabadilishwa siku fundi akipiga format, na haina wa kumuuliza. Kijana wa hadithi yangu alikamatwa na hilo, apdeti haikumjia kwa intaneti, ilimjia kwenye flashi ya mtu.

Wanaolipia nao hawako salama sana. Mwaka 2019 Adobe iliwaambia wateja wake kwamba watapewa matoleo mawili makubwa ya karibuni tu, ya nyuma hayaruhusiwi tena.

Kwa hiyo ukilazimika kubadilisha, fanya hivi. Usibadilishe ukiwa na oda mkononi, chagua siku tulivu, na uwe na bando la kutosha kwa sababu haya madude ni GB kadhaa. Kwenye Creative Cloud zima apdeti za kujiendesha, na unapoweka toleo jipya fungua chaguo za ziada uondoe tiki ya kufuta toleo la zamani, ili yakae yote mawili. Ukimwita fundi, mwandikie kwenye karatasi majina na namba za programu zako, umwambie arudishe hizohizo. Kisha fungua kazi tatu ulizokwishazifanya, ya picha, ya maandishi na ya kukata, uchape nakala moja moja, uzilaze juu ya zile za zamani.

Na sidii au faili la kusakinishia toleo lako la zamani lisikae dukani peke yake. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, la Mchikichini tunaloliita Karume likaungua Januari 2022. Weka nakala nyumbani.

Mwenye tatizo ambalo sijaligusa aliandike hapo chini, ila ataje namba kamili ya toleo. Fungua menyu ya Help, bonyeza "About", namba iko pale. Ukiandika tu "Photoshop yangu imeharibika" hakuna atakayekusaidia, maana tabia ya 20.0 si ya 22.4.